Somo la Vikundi: Afya Yetu Inatengenezwa Wapi?



Ukifungua daftari la mweka hazina wa vikundi vingi huku bara ya kaskazini, kuanzia Kongowea na Ziwa la Ng'ombe hadi Mishomoroni na Kadzandani, utaona jambo moja. Pesa huingia kwa ajili ya biashara, karo au mabati, halafu hutoka kwa ajili ya ugonjwa. Mwanachama mmoja amelazwa, mwingine anaomba mkopo wa dawa, na mwezi unaofuata ni mchango wa bili ya hospitali. Kusaidiana huku ni kuzuri na tusikuache. Lakini tukitoa mwezi baada ya mwezi bila kuuliza ugonjwa unatoka wapi, tutakuwa kama watu wanaotoa maji ndani ya mashua usiku kucha na hakuna aliyetafuta tundu.

Somo la leo ni la kutafuta tundu.

LENGO: Mwisho wa mkutano, kikundi kiwe kimechagua sababu moja ya ugonjwa katika mtaa wake, na kiwe kimekubaliana nani atafanya nini na lini.

MUDA: Saa mbili. Mnaweza kuligawa somo katika mikutano miwili.

VIFAA: Karatasi kubwa na kalamu. Kama hakuna, kipande cha makaa na sakafu ya saruji vyatosha. Wasiosoma wachore.

HATUA YA 1: MANENO YETU WENYEWE

Mwezeshaji aanze na salamu. Tunapokutana tunaulizana, "Hujambo?" Maana yake, je, huna jambo lolote lililokupata? Wala hatuishii hapo. Twauliza watoto hawajambo, mzee yuaendeleaje, kazi zaendaje, nyumbani kwema? Yaani tangu zamani wazee wetu walijua kwamba hali ya mtu haipimwi kwa joto la mwili peke yake.

Hebu mfikirieni mama ambaye hana homa, hakohoi, lakini mwanawe ameingia kwenye unga, na mwenye nyumba amempa notisi ya mwezi mmoja. Ukimuuliza hali atasema, "Tunashukuru Mungu, lakini hatujambo kidogo." Daktari akimpima hataona ugonjwa. Je, huyu ni mzima?

Shirika la Afya Duniani, lililoanza kazi mwaka 1948, linasema katika katiba yake kwamba afya si kukosa ugonjwa tu, bali ni kuwa katika hali njema kimwili, kiakili na katika maisha ya pamoja na wengine. Miaka 30 baadaye, Septemba 1978, wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Alma-Ata, katika nchi ambayo leo ni Kazakhstan. Walipotaja huduma za msingi za afya walitaja dawa muhimu na chanjo, lakini pia walitaja chakula cha kutosha, maji safi, usafi wa mazingira na elimu. Tena walisema wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga mambo ya afya yao.

Maswali:
1. Katika mtaa wetu, mtu tunayesema ni "mzima" ana vitu gani, na anaishi vipi?
2. Ni vingapi kati ya hivyo vinapatikana hospitalini?

HATUA YA 2: MCHEZO MFUPI

Wanachama wawili waigize. Mmoja ni mama aliyebeba mtoto, mwingine ni muuguzi wa zahanati.

SISTA: Mama, huyu nilimwona juzi juzi tu. Ni tumbo tena?

MAMA: Ni tumbo tena, sista. Na dawa alimaliza yote.

SISTA: Maji mnatoa wapi?

MAMA: Ya kunywa twanunua mtungi. Ya kuoshea vyombo na matunda twateka pale kisimani kwa mwenye nyumba. Siku pesa zikikosa, hayo hayo twanywa.

SISTA: Mnachemsha lakini?

MAMA: Sista, makaa siku hizi wayajua bei?

SISTA: (Anaandika.) Haya mama. Mpe hii kila akiharisha, na hizi tembe moja kwa siku mpaka ziishe.

MAMA: Halafu?

SISTA: Halafu... akizidiwa, umrudishe.

Maswali:
1. Je, sista amefanya kazi yake? Mama je?
2. Mtoto huyu atarudi zahanati? Kwa nini?

Mwezeshaji asiache kikundi kiwalaumu hawa wawili. Sista ametoa dawa inayofaa. Maji ya chumvi na sukari, au paketi ya zahanati, huokoa maisha ya mtoto anayeharisha. (Wanachama wote wakumbuke kipimo cha nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi.) Lakini dawa imetibu tumbo la wiki hii tu. Kisima kiko pale pale.

HATUA YA 3: "KWA NINI?" MARA TANO

Sasa chukueni ugonjwa wa mtoto yule mkaulize "kwa nini?" mara moja, halafu tena, mpaka mfike mwisho. Kila jibu liandikwe chini ya lingine kama pete za mnyororo. Kwa mfano:

Kwa nini mtoto anaharisha? Ametumia maji machafu.

Kwa nini maji ni machafu? Uchafu wa choo umefika kisimani.

Kwa nini umefika? Choo na kisima vimekaribiana, na ardhi yetu haichuji.

Kwa nini vimekaribiana? Kiwanja ni kidogo na wapangaji ni wengi.

Kwa nini watu wanatumia kisima hicho? Maji ya mfereji hayaji kila siku, na ya mkokoteni ni ghali.

Hapa tuseme neno juu ya ardhi yetu. Sehemu kubwa ya Nyali na Kisauni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile la kujengea nyumba. Jiwe hili lina matundu na nyufa. Mchanga mzito huchuja maji yanapopenya polepole, lakini kwenye nyufa maji hupita upesi na uchafu wake. Ndiyo maana maji ya kisima yanaweza kuonekana meupe kabisa na bado yakawa na vijidudu vya choo.

Vitabu vya afya hushauri angalau mita 30 kati ya choo na kisima. Sasa tupige hesabu. Kiwanja cha futi 40 kwa 80 ni kama mita 12 kwa 24. Hata ukiweka choo pembe hii na kisima pembe ile ya mbali kabisa, hupati mita 30. Na jirani naye ana choo chake nyuma ya ukuta. Kwa hiyo mama anaweza kufagia, kuosha mikono na kufunika vyakula kila siku, na bado mtoto akaugua, kwa kuwa kosa lilishachimbwa ardhini kabla yeye hajahamia pale.

HATUA YA 4: HOMA ILIYOKUJA NA UKAME

Wengi wetu twaikumbuka chikungunya, ile homa inayokamata viungo hata mtu ashindwe kufunga kifungo cha shati. Jina lenyewe limetoka kwa jirani zetu Wamakonde, kusini mwa Tanzania, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1952. Lina maana ya kujikunja, kama anavyojikunja mgonjwa kwa maumivu. Mwaka 2004 ulipiga Lamu, kisha ukafika Mombasa. Katika mji wa Lamu, uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa kama robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 ulirudi Mombasa.

Hakuna dawa ya kuua virusi vya chikungunya. Mgonjwa hupewa vya kutuliza maumivu, hupumzika na kunywa maji kwa wingi. Hata hivyo ni lazima aende kupimwa, kwa kuwa homa hiyo yaweza kuwa malaria au homa ya denge.

Haya, tuulize "kwa nini?" Chikungunya huletwa na mbu anayeuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mbu huyu hataki mtaro mchafu. Yeye hupenda maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, ndoo, mtungi usio na kifuniko, gurudumu kuukuu. Sasa jambo la kushangaza ni hili: ugonjwa wa 2004 ulikuja wakati wa ukame. Wataalamu walipochunguza waliona sababu. Maji yalipoadimika, watu waliyaweka ndani kwa muda mrefu, na mbu akapata pa kuzalia.

Kwa hiyo mnyororo wa homa hii unatoka kwa mbu, unapita kwenye pipa letu, unafika kwenye mfereji mkavu. Maji ya mfereji ya Mombasa husafiri kutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kule Kwale. Bomba likipasuka au umeme wa pampu ukikatwa, sisi tunajaza mapipa.

Pete moja ya mnyororo huu iko mikononi mwetu. Mbu anahitaji kama wiki moja kutoka yai hadi kuruka. Basi kila wiki, siku moja iliyokubaliwa, kila nyumba imwage maji ya zamani, isugue kuta za ndani za pipa (mayai hugandama hapo na hustahimili ukavu kwa miezi), kisha ifunike. Nyumba moja ikifanya peke yake haifai kitu, maana mbu wa jirani hana mpaka. Mtaa mzima ukifanya siku moja, mbu watapungua.

Pete ya mfereji haiko mikononi mwa mama mmoja. Hiyo ni ya kudai.

HATUA YA 5: OWINO UHURU

Sasa twende bara ya magharibi, Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kando ya nyumba za watu. Ndani ya betri mna tindikali na madini ya risasi. Moshi na vumbi vikaingia majumbani, na maji machafu yakapita kijijini. Watu walilalamika juu ya kifua, ngozi, mimba kuharibika na kuku kufa.

Bi. Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na magonjwa ya kawaida yalitafutwa bila kupata jibu, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Ndipo yeye na majirani wakaanza kupima watoto wengine, kuandika barua na kuandamana. Mwaka 2012 alikamatwa. Hawakuacha. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Bi. Omido akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira iitwayo Goldman. Kesi ya wanakijiji ikaendelea. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kifunguliwe ilikuwa imepita miaka 17.

Kwa nini tumeleta habari hii katika somo la afya? Kwa sababu inaonyesha mwisho wa nguvu za dawa. Risasi ikishaharibu ubongo wa mtoto, hakuna tembe ya kuurudisha ulivyokuwa. Mtoto mdogo hunyonya risasi anayoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Tiba ya kwanza ni kuondoa sumu alipo. Ukimtibu hospitalini kisha ukamrudisha kwenye vumbi lile lile, hujamtibu. Pale Owino Uhuru, kufunga kiwanda ilikuwa ni kazi ya afya sawa na kazi ya daktari, na ilifanywa na wanakijiji.

Na sisi tujiangalie. Anayeyeyusha risasi ya betri nyumbani ili atengeneze chubwi za kuvulia aache, kwa ajili ya watoto wake. Kamwe sufuria hiyo isirudi jikoni.

HATUA YA 6: KUGAWA KAZI

"Kinga ni bora kuliko tiba." Methali hii imeandikwa kwenye kuta za zahanati nyingi. Lakini kinga ya nani? Mara nyingi semina ya afya huisha kwa kuwaambia akina mama wachemshe maji, wafyeke nyasi, wasafishe choo. Mpangaji hawezi kuhamisha choo cha mwenye nyumba, wala mchuuzi wa mahamri hawezi kutengeneza bomba la Baricho. Tukimpa mtu lawama ya jambo asiloliweza, tunamwongezea mzigo na ugonjwa unabaki.

Basi rudini kwenye mnyororo wenu. Kila pete iwekwe katika fungu moja kati ya matatu:

Fungu la nyumba. Kutia maji dawa ya klorini. Au, mahali makaa ni ghali, kuweka maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi juani kwa saa sita, na siku mbili kukiwa na mawingu. (Jua huua vijidudu, haliondoi chumvi.) Kusugua pipa. Kunawa mikono kwa sabuni.

Fungu la kikundi. Siku ya kusugua mapipa mtaani. Kununua tangi lenye kifuniko kwa pesa za kikundi. Kwenda pamoja kwa mwenye nyumba, maana mpangaji mmoja akilalamika anaambiwa ahame, lakini kumi huketishwa. Kumtembelea aliyekata tamaa.

Fungu la serikali na wenye mali. Maji ya mfereji, vyoo vya kiwanja, taka, viwanda. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya afya, maji safi ya kutosha na usafi wa mazingira. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili ya haki hiyo hata kabla hajadhurika. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumwamuru mwenye kiwanja aondoe jambo linalohatarisha afya. Na tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, kwa hiyo mwakilishi wa wadi aulizwe kabla bajeti haijapitishwa.

Barua isiwe ndefu. Mfano:

"Kwa Afisa wa Afya ya Umma. Sisi wanachama wa kikundi cha ______, mtaa wa ______, tunaomba maji ya visima viwili vya mtaa wetu yapimwe, na majibu tupewe kwa maandishi, kwa haki yetu ya kupata habari chini ya kifungu cha 35 cha Katiba. Katika miezi mitatu iliyopita watoto ______ wa nyumba zetu wameharisha. Tutakuja ofisini tarehe ______ kufuata jibu."

Wekeni nakala. Tarehe ikifika nendeni kweli, msipungue watatu.

TAHADHARI

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi watu waache hospitali. Mama mjamzito ajifungulie kwa wataalamu, mtoto achanjwe, anayekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu, anayetumia dawa za kila siku za ukimwi au sukari asizikatize hata siku moja. Jiandikisheni katika bima ya afya ya SHA. Tunalosema ni kwamba hospitali inampokea mtu akiwa ameshaharibikiwa. Mahali anapoharibikiwa ni petu sisi.

Wengi wetu tunapita Kengeleni kila siku kwenda sokoni. Jina hilo linatokana na kengele ya Freretown, makazi ya watu waliokombolewa utumwani, yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Inasimuliwa kuwa kengele ile ilipigwa kuwaonya watu wavamizi walipokaribia. Kikundi nacho kinaweza kufanya kazi hiyo. Watoto watatu wa mtaa mmoja wakiugua ugonjwa mmoja katika wiki moja, msingoje wa nne. Mwambieni mhudumu wa afya ya jamii siku hiyo hiyo.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Mweka hazina ahesabu pesa zote zilizotoka kwa sababu ya ugonjwa katika miezi sita iliyopita, na aandike ni magonjwa gani. Majina ya wagonjwa yasisomwe.
2. Wanachama wanne wazunguke mtaa na kuchora ramani: visima, vyoo, mifereji, majaa ya taka, mahali pa kuyeyusha vyuma au betri.
3. Kikundi kichague ugonjwa mmoja, kitengeneze mnyororo wake, na kichague pete moja tu ya kuanza nayo. Moja tu, tafadhali. Kikundi kilichochagua kumi hakimalizi hata moja.
4. Jina la atakayefuatilia na tarehe viandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Mkutano ujao uanze kwa kusoma hesabu ya mweka hazina kwa sauti. Kisha aliyepewa barua aseme ilifika wapi.